Maswali ya Wasomaji: Injini za Ndege za Vita na Mipaka ya Joto

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kanda ya ziwa, na nyingi zinazungukia jambo moja: injini za ndege za kivita za 1939 hadi 1945 zilitoaje nguvu nyingi kiasi kile bila kuchemsha? Tunazijibu moja baada ya nyingine. Nyuzi zote tunazotaja ni za Selsiasi.

Nyuzi 135, au ni makosa ya uchapaji?

*Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa magari. Kijana wangu wa kazi amenionyesha mwongozo wa rubani wa Spitfire IX. Umeandika kwamba kulanti inaruhusiwa kufika nyuzi 135. Kwangu mimi gari likigusa 100 nalizima. Je, namba hiyo ni sahihi?* (Fundi, Igoma, Mwanza)

Ni sahihi, ndugu fundi. Mpaka wa joto la kulanti, yaani kimiminika kinachopoza injini, hauwekwi na chuma, unawekwa na kuchemka. Aluminiamu ya silinda hedi haina shida na nyuzi 135. Balaa huanza pale kimiminika kinapogeuka mvuke, kwa sababu mvuke haubebi joto kama maji. Sehemu ya hedi iliyozungukwa na mapovu hupanda joto ghafla, na hapo ndipo hedi hupinda na gasketi huungua.

Kuchemka nako hutegemea presha. Mwanza iko kwenye mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ina presha ya kilopaskali 88 au 89, wakati pwani ni 101, kwa hiyo maji yaliyo wazi Igoma huchemka kwenye nyuzi 96. Ukipanda hadi mita 6,000 yatachemka kwenye 80 hivi, na kwenye mita 10,000 yatachemka karibu na 66. Ndege yenye maji ya wazi ingekuwa imeyamwaga yote kabla haijafika kwenye vita yenyewe.

Rolls-Royce, waliotengeneza injini ya Merlin ya ndege za kivita za Kiingereza Spitfire na Hurricane, walipita njia mbili. Kwanza walitumia glaikoli tupu (kimiminika kile kile kinachochanganywa na maji kwenye kulanti ya magari), ambayo pwani huchemka kwenye nyuzi 197. Ilifanya kazi, lakini kwa gharama. Kilo moja ya glaikoli hubeba karibu asilimia 60 tu ya joto linalobebwa na kilo moja ya maji kwa kila nyuzi, hivyo kuta za silinda zilibaki za moto zaidi ya ilivyotakiwa. Glaikoli hupenya maungio ambayo maji hayapenyi, na ikimwagikia bomba la moshi lenye moto mkali inawaka. Njia ya pili, iliyoanza na Merlin XII ya Spitfire II, ilikuwa mchanganyiko wa maji asilimia 70 na glaikoli asilimia 30 ndani ya mfumo uliofungwa wenye presha. Maji matupu yasichemke kwenye nyuzi 135 yanahitaji presha zaidi kidogo ya mara tatu ya hewa ya pwani. Glaikoli ile hupunguza mahitaji hayo kiasi. Presha ilishikiliwa na valvu yenye springi kwenye tenki la juu la kulanti, mbele kabisa ya injini, nyuma ya pangaboi.

Kwa nini watake kulanti ya moto hivyo? Kwa sababu ya ukubwa wa rejeta. Rejeta hutoa joto kulingana na tofauti kati ya kulanti na hewa. Hewa ikiwa nyuzi 30 na kulanti 85, tofauti ni 55. Kulanti ikiwa 115, tofauti ni 85, na rejeta inayohitajika inapungua kwa karibu theluthi moja. Rejeta ndogo haizuii upepo sana, na ndege inaongeza mwendo bila kuongezewa hata farasi mmoja.

Kiasi cha joto chenyewe si cha mchezo. Kwa injini za petroli za aina ile, joto linaloingia kwenye kulanti hukaribia nusu ya nguvu inayofika kwenye mhimili. Chukua injini inayotoa nguvu za farasi 1,000, yaani kilowati 746: kama kilowati 370 zinakwenda kwenye kulanti. Ikiwa kulanti inapoa nyuzi 10 kila inapopita kwenye rejeta, pampu inapaswa kusukuma karibu lita 10 kila sekunde. Ni ndoo ya lita 20 kila baada ya sekunde mbili, na Merlin ya mwishoni mwa vita ilitoa zaidi sana ya farasi 1,000.

Kwa karakana yako, kitu cha kukagua kwanza ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kilichoandikwa 0.9 kinaongeza presha ya ba 0.9 juu ya hewa ya nje, hivyo hapa Mwanza maji hayachemki hadi karibu nyuzi 116. Springi ikilegea au mpira ukikauka, unarudi kwenye 96, na gari litachemsha kwenye kilima ambacho halijawahi kuchemsha. Kabla hujang'oa themostati au kufungua hedi, pima kifuniko. Na ukikuta hosi ya juu imenywea asubuhi injini ikiwa baridi, valvu ndogo ya katikati ya kifuniko imekwama: maji yanapopoa hayawezi kuvuta kutoka kwenye chupa ya akiba. Ila usikifungue injini ikiwa ya moto. Maji ya nyuzi 110 yakipoteza presha hugeuka mvuke hapo hapo usoni mwako.

Dakika tano zikiisha kinatokea nini?

*Mhariri, salaam. Nimestaafu kufundisha fizikia. Nasoma kwamba nguvu ya juu ya injini hizo iliruhusiwa dakika tano tu. Wanafunzi wangu wa zamani wananiuliza kama injini ingepasuka dakika ya sita. Pia naona Waingereza wanaandika +18, Wamarekani 67, Wajerumani 1.42. Wanazungumzia kitu kimoja?* (Mwalimu mstaafu, Musoma)

Shikamoo Mwalimu. Tuanze na namba zenyewe, za Merlin 66 ndani ya Spitfire IX:

Mapambano, kwa dakika 5: mizunguko 3,000 kwa dakika, busti +18, kulanti isizidi 135, oili isizidi 105.
Kupanda, kwa saa 1: mizunguko 2,850, busti +12, kulanti 125, oili 90.
Bila kikomo cha muda: mizunguko 2,650, busti +7, kulanti 105 (115 kwa muda mfupi), oili 90.

Busti ni presha ya hewa na petroli ambayo supachaja inaisukuma kuingia kwenye silinda. Utaona kwamba hakuna namba inayosimama peke yake. Nyuzi 135 zinaruhusiwa kwa dakika 5. Nyuzi hizo hizo katika safari ya kawaida ni dalili ya ugonjwa. Rubani aliyetazama joto bila kutazama saa alikuwa amesoma nusu ya sentensi.

Dakika ya sita injini haipasuki. Kikomo cha muda kilipatikana kwa kuiendesha injini kwenye stendi ya majaribio, kisha kuifungua na kupima ilivyolika. Kinachojilimbikiza ni joto la sehemu ambazo geji haizioni: kichwa cha pistoni, valvu za moshi, ncha za plagi, na beringi za mhimili wa chini. Beringi ndizo zenye subira ndogo kuliko zote. Oili ikipita nyuzi 105 inakuwa nyepesi, utando wake kati ya beringi na chuma unakonda, presha inashuka, na injini inanoki. Marubani walivuka dakika tano pale ambapo kuzivuka kulikuwa na hatari ndogo kuliko kupunguza nguvu, na wengi walirudi salama. Bili ililipwa baadaye na mafundi.

Ndiyo maana nguvu ya mwisho ilifungwa kwa waya mwembamba kwenye mkono wa mafuta. Rubani angeweza kuukata kwa kusukuma tu, lakini akitua waya uliokatika ulimshtaki: alipaswa kuripoti, na mafundi walikagua, pamoja na kufungua chujio la oili kutafuta chembe za chuma. Chembe zinazong'aa maana yake beringi imeanza kuliwa, na injini hiyo inashushwa hata kama inanguruma vizuri.

Mpaka wa busti wenyewe uliwekwa zaidi na petroli. Hewa ikibanwa mno inapata joto, na petroli dhaifu inalipuka ovyo ndani ya silinda badala ya kuungua kwa mpangilio. Mlipuko huo unatoboa pistoni ndani ya sekunde chache. Mwaka 1940 Waingereza walipohamia petroli ya okteni 100, inayostahimili kubanwa zaidi, Merlin III iliruhusiwa kutoka +6¼ hadi +12 bila kubadilishwa injini. Mwaka 1944, kwa petroli ya daraja la 150, Merlin 66 ilifikishwa +25. Kikwazo cha aina nyingine kabisa kiliwapata Wajerumani na DB 605 ya Messerschmitt Bf 109G. Injini iliundwa kutoa 1.42 kwa mizunguko 2,800, lakini hadi 1943 vikosi vilizuiwa kuitumia nguvu hiyo na kuambiwa vikomee 1.30 kwa mizunguko 2,600. Shida kubwa ilikuwa ulainishaji: oili iliyojaa povu haishikilii beringi.

Swali la vipimo ni zuri, maana linawachanganya hata waandishi. Waingereza walihesabu pauni kwa inchi ya mraba juu ya hewa ya kawaida ya pwani, yaani sifuri yao ni hewa ya pwani. Wamarekani walihesabu inchi za zebaki kuanzia ombwe tupu. Wajerumani walihesabu ata, ambayo ni kilo kwa sentimita ya mraba, nao kuanzia ombwe. Ukizileta pamoja, +18 ni karibu mara 2.2 ya hewa ya pwani, 67 ni karibu hiyo hiyo, na 1.42 ni mara 1.37 tu. Usihitimishe kwamba Mjerumani alikuwa mnyonge. DB 605 ilikuwa na lita 35.7 dhidi ya lita 27 za Merlin, na ilibana mchanganyiko zaidi ndani ya silinda yenyewe.

Zoezi kwa wanafunzi wako: egesha ndege hizo tatu uwanja wa Mwanza, injini zimezimwa, kisha soma geji. Ya Kiingereza itaonyesha kama −1.9, ya Kimarekani 26, ya Kijerumani 0.90. Zote zinapima hewa ile ile ya Ilemela.

Kusubiri uwanjani

*Shikamoo Mhariri. Ninasoma ufundi wa magari chuoni. Tunafundishwa kupasha injini kabla ya kuipa mzigo. Lakini nimesoma kwamba marubani wa Spitfire waliharakisha kuruka ili injini isichemke. Ipi kweli?* (Mwanafunzi, Nyakato)

Marahaba. Zote mbili, na rubani alibanwa katikati.

Mpaka wa chini wa joto: Spitfire IX haikuruhusiwa kuruka kabla kulanti haijafika nyuzi 60 na oili nyuzi 15. Oili ya baridi ni nzito, pampu inashindwa kuivuta vizuri, na beringi zinapata tone badala ya mkondo. Geji ya presha inaweza kukudanganya hapo, kwa sababu oili nzito inaonyesha presha kubwa huku inayopita ni kidogo. Upande wa kulanti, pistoni ya aluminiamu inapata joto na kutanuka haraka kuliko ukuta wa silinda. Ukiipa nguvu zote ukuta ukiwa baridi, nafasi kati yao inaisha na pistoni inakwaruza.

Mpaka wa juu wa joto: rejeta za Spitfire ziko chini ya mabawa, nje ya mkondo mkuu wa upepo wa pangaboi. Ndege ikisimama, hewa inayopita ni haba. Kwenye Spitfire za mwanzo, hadi toleo la tano (Mk V), rejeta ya kulanti ilikuwa moja tu, chini ya bawa la kulia, na mguu wa gurudumu la kulia ukiwa umeshushwa uliizibia sehemu ya upepo. Unaona tatizo: mguu umeshushwa wakati ule ule unaohitaji upepo. Mk IX ilipewa mbili. Chini ya bawa la kushoto kulikaa rejeta ya kulanti na kipoza oili, na chini ya la kulia rejeta nyingine ya kulanti pamoja na ile ya kupoza hewa iliyobanwa na supachaja.

Utaratibu basi ulikuwa hivi. Elekeza pua kwenye upepo. Washa, acha injini izunguke polepole kabisa kwa nusu dakika huku ukitazama presha ya oili ikipanda. Kisha ipashe kwenye mizunguko 1,000 hadi 1,200. Wakati inapata moto fanya ukaguzi mwingine wote, usiuache mwishoni. Ikifika 60 na 15, jaribu magneto (mitambo ya cheche za plagi) na pangaboi kwa haraka, uondoke. Kwenye aina za zamani rubani alifungua mlango wa rejeta kwa mkono na kuuacha wazi kabisa akiwa ardhini. Kwenye Mk IX milango ilijifungua yenyewe kulanti ikifika nyuzi 115, na kulikuwa na kitufe cha kuijaribisha. Kosa la kawaida lilikuwa foleni. Ndege kumi na mbili zinasubiri zamu, ya mwisho inafika mwanzo wa njia kulanti ikiwa tayari imekaribia kikomo, na kuruka kwenyewe ndiko kunakoongeza joto kuliko yote.

Zilizotua ziwani

*Ndege za maji zilizokuwa zikitua Mwanza enzi za Mwingereza zilipozwa kwa maji ya ziwa?* (Msomaji, Kirumba)

Hapana. Imperial Airways ilianza safari za kila wiki kati ya London na Mwanza tarehe 28 Februari 1931, na sehemu ya mwisho hadi ziwani ilifanywa na boti-ndege aina ya Short Calcutta. Zilikuwa na injini tatu za Bristol Jupiter, kila moja silinda tisa zilizopangwa duara, zikipozwa kwa upepo. Boti-ndege kubwa zaidi za Short Empire, zilizotumia kituo cha Kisumu kuanzia 1937, zilikuwa na Bristol Pegasus nne, nazo za upepo.

Upepo au maji?

*Mhariri, hapa Mwaloni tunatengeneza injini za boti. Zinavuta maji ya ziwa, zinayatema, basi. Ndege haina ziwa. Kwa nini wasingetumia upepo tu kwa ndege zote, kama pikipiki?* (Fundi wa boti, Mwaloni)

Wapo waliofanya hivyo, na hawakushindwa. Tofauti na boti yako, ambayo ina maji ya nyuzi 25 yasiyoisha chini ya pangaboi, ndege lazima ibebe kulanti yake na kuipoza tena na tena. Mwenye injini ya upepo anaacha uzito wote wa rejeta, hosi, pampu na kulanti. Pratt & Whitney R-2800 ya ndege za kivita za Kimarekani P-47, Hellcat na Corsair ilikuwa na silinda 18 katika safu mbili za tisa, lita 46 kwa jumla, bila tone la maji kwenye silinda. Ndiyo sababu zipo P-47 zilizorudi nyumbani na silinda nzima imevunjwa na risasi, wakati tundu moja kwenye rejeta ya Spitfire lilitosha kuimaliza.

Ugumu uko safu ya nyuma. Silinda za mbele zinakula upepo wa baridi, za nyuma zinapata makombo. Wahandisi walijibu kwa mapezi mengi, membamba na ya karibu, na kwa mabati yaliyoulazimisha upepo upite katikati ya mapezi badala ya kukwepa pembeni. Bati moja likilegea au kupinda, silinda yake inaungua huku kumi na saba nyingine ziko salama. BMW 801 ya Focke-Wulf Fw 190, silinda 14, iliongezewa feni ya mapanga 12 nyuma tu ya pangaboi, ikizunguka kwa kasi kubwa kuliko pangaboi lenyewe, kwa sababu pua ya ndege hiyo ilibanwa sana. Hata hivyo ndege za mwanzo zilisumbua kwa kuunguza safu ya nyuma.

Geji hapa hupima joto la kichwa cha silinda, kwa waya wa kihisio uliobanwa chini ya plagi. R-2800 iliruhusiwa nyuzi 260 kwa nguvu za muda mfupi na 232 kwa safari. Usizilinganishe na 135 ya Spitfire: moja ni joto la chuma, nyingine ni la kimiminika.

Mambo matatu yaliharibu injini hizi mikononi mwa wasio makini. La kwanza ni kufunga milango ya boneti ardhini ili injini ipate moto haraka. Kihisio kiko kwenye silinda chache tu, na wakati mshale wake bado unapanda taratibu, nyaya za plagi za silinda nyingine zimeshaanza kuiva. La pili ni kupanda kwa mwendo mdogo na nguvu kubwa: joto jingi, upepo haba. Dawa yake ni kushusha pua kidogo ili mwendo uongezeke, kisha kufungua milango, kisha ndipo kupunguza nguvu. La tatu ni kinyume chake, kuteremka kwa kasi na mafuta yamefungwa. Hedi yenye moto inapigwa na upepo wa baridi bila moto wa ndani, na nyufa zinaanzia kwenye tundu la plagi au kiti cha valvu.

R-2800 za baadaye zilitumia maji kwa namna nyingine: mchanganyiko wa maji na alkoholi ulipulizwa pamoja na hewa iingiayo kwenye silinda. Unyevu huo ulipoza mchanganyiko na kuzuia petroli kulipuka ovyo, hivyo busti ikaruhusiwa kupanda zaidi. Tenki lilikuwa dogo, la dakika chache. Likiisha huku rubani bado ameegemea mkono wa mafuta, pistoni ziko hatarini mara moja, kwa hiyo ziliwekwa swichi za kupunguza busti zenyewe presha ya maji ikipotea.

Rejeta inayosukuma ndege

*Nimesikia rejeta ya P-51 Mustang ilisukuma ndege kama jeti. Kweli au porojo?* (Mwanachuo, Nyegezi)

Kuna ukweli, umetiwa chumvi. Katikati ya miaka ya 1930, F. W. Meredith wa kituo cha utafiti cha Farnborough, Uingereza, alionyesha kwamba joto la rejeta linaweza kurudisha sehemu ya kile ambacho rejeta inakipoteza kwa kuzuia upepo. Hewa inaingia kwa mdomo mdogo, njia inapanuka, mwendo wake unapungua na presha inapanda. Inapita rejeta taratibu na kupata joto, kisha inabanwa kwenye mdomo wa nyuma na kutoka kwa kasi. Hewa yenye joto hutoka na kasi zaidi kuliko ambavyo ingetoka bila joto, na hiyo ndiyo faida.

Kwenye Mustang njia hiyo ilikuwa ndefu, chini ya tumbo, na mdomo wake ulitenganishwa na bawa kwa upenyo mwembamba ili hewa iliyochoka kwa kusugua ngozi ya ndege isiingie. Matokeo ni kwamba kizuizi cha rejeta kilifutwa kwa sehemu kubwa. Kusema ilikuwa injini ya pili ni kuzidisha. Na faida ilikuwepo tu mlango wa nyuma ukiwa umebanwa inavyotakiwa. Ukikwama wazi ndege inapoteza mwendo. Ukikwama umefungwa kulanti inapita nyuzi 121, ambao ndio ukomo wa injini ya P-51D, wakati safari ya kawaida ilikuwa 100 hadi 110.

Mshale unaoshuka

*Rubani aliyepigwa risasi kwenye rejeta alijuaje, na alikuwa na muda gani?* (Msomaji, Bukoba)

Mara nyingi wenzake walijua kwanza: mkia mweupe wa mvuke nyuma ya ndege. Ukiwa mweusi au wa kahawia, fikiria oili. Ndani ya chumba cha rubani glaikoli ina harufu tamu tamu, na kioo cha mbele kinaweza kupata utando.

Kwenye geji, kulanti hupanda kwanza. Halafu huja sehemu iliyowadanganya wengi: mshale unashuka. Kihisio kinapima kile kinachokigusa, na kulanti ikishaisha kinagusa mvuke au hewa. Rubani asiye na uzoefu anafurahi kwamba joto limepungua, kumbe hakuna tena cha kupima. Hapo msomaji wa kweli ni oili: joto lake linapanda kwa kasi, na presha, ambayo kwa Merlin huwa pauni 60 hadi 80, inashuka kuelekea kikomo cha chini kabisa. Mishale hii miwili ikienda kinyume, kulanti chini na oili juu, imekwisha.

Muda uliobaki ulikuwa dakika chache, kwa kutegemea ukubwa wa tundu na nguvu iliyotumika. Hatua zilikuwa kupunguza busti na mizunguko mara moja, kufungua mlango wa rejeta, kuelekea upande wa kwenu, na kubadilisha mwendo uliobaki kuwa urefu wa anga ili mwavuli upate nafasi ya kufunguka. Kuendelea na nguvu zote hadi injini ikwame ni kuomba moto. Baadhi ya Bf 109, ambazo zilikuwa na rejeta mbili chini ya mabawa, ziliwekewa valvu za kutenga rejeta iliyotobolewa ili kurudi na moja.

Glaikoli kwenye daladala

*Je, naweza kujaza glaikoli tupu kwenye gari ili lisichemshe mlima wa Bugando?* (Dereva, Mwanza)

Usifanye hivyo, ndugu dereva. Glaikoli tupu hubeba joto kidogo kuliko maji, na injini yako itapata moto zaidi, sio pungufu. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, na kama umenunua iliyokwisha changanywa usiiongeze maji. Maji ya ziwa moja kwa moja yataleta tope na ukoko kwenye vijia vya rejeta. Ukimwaga kulanti ya zamani usiiache kwenye beseni uani: ni tamu, na ni sumu kwa watoto, mbwa na mbuzi.